Nani Kasema Kupima Ugumu wa Uvimbe ni Anasa?

Naanza na ungamo.

Muhula uliopita niliketi katika kamati inayopitia maandiko ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili. Mimi ni mwalimu wa masomo ya maendeleo. Niliwekwa pale, kama wanavyowekwa wengi wa aina yangu, ili isisemwe kwamba sayansi ya jamii imesahauliwa. Andiko la saba katika orodha lilikuwa la binti mmoja wa uhandisi mitambo. Aliomba fedha kidogo, pungufu ya gharama ya warsha moja ya siku tatu hotelini, ili apime ugumu wa vipande vya uvimbe wa titi vinavyotolewa wakati wa upasuaji, kisha alinganishe vipimo hivyo na mahali zilipo seli za kinga ndani ya vipande hivyohivyo vinapotazamwa kwa hadubini. Mashine ya kukandamiza ilikuwapo tayari katika maabara yao, ikitumika kupima mpira na ngozi. Kilichokosekana ni vifaa vidogo, kemikali za maabara, na ruhusa.

Mjumbe mmoja akauliza uhandisi mitambo na saratani ni wapi na wapi. Mwingine akasema jambo hili si kipaumbele cha taifa: mashine za mionzi hazitoshi, wagonjwa wanapanga foleni, na sisi tukae tunapima ugumu wa nyama? Watu wakacheka. Binti akasubiri kicheko kiishe, akasema kwa adabu: "Samahani, walimu wangu. Daktari anapompapasa mama titi lake, vidole vyake vinapima nini?"

Hakuna aliyejibu. Andiko likakataliwa. Nami sikutia neno. Nilijiambia kwamba si fani yangu, na kwamba wenye fani walikuwapo. Huo ndio uongo tunaojidanganya nao wasomi: kimya chetu katika kamati hatukiiti kura, ilhali kinahesabiwa pamoja na kura za walioshinda.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, nikisaidiwa na wenzangu wa tiba na uhandisi walionivumilia maswali ya kitoto. Makala hii ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile, na ninalitoa hadharani kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mlango ukiwa umefungwa.

Tuanze na vidole. Neno saratani tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kaa, yule kiumbe wa pwani mwenye gamba gumu na magando. Wagiriki na Warumi nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Katika mafunjo ya Misri ya kale yanayojulikana kwa jina la Edwin Smith, yaliyoandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita, mganga anaelekezwa namna ya kupapasa uvimbe wa kifua, na uvimbe huo unafananishwa na tunda bichi, gumu na baridi mkononi. Inapofika sehemu ya tiba, mwandishi anakiri kwamba tiba haipo.

Kwa maelfu ya miaka, basi, ugumu ulikuwa dalili. Ulimwambia mganga kwamba kuna jambo, na baada ya hapo ukasahauliwa, kama mlio wa kengele unavyosahauliwa watu wakishaamka. Kilichobadilika katika miaka ishirini hivi iliyopita ni kwamba watafiti wamebaini ugumu haukai tu mahali pake ukisubiri kupapaswa. Ugumu unafanya kazi.

Mwaka 2005 kundi la watafiti nchini Marekani, akiwamo Valerie Weaver, lilichapisha vipimo vya tezi ya titi la panya. Tezi ya kawaida ilikuwa na ugumu wa chini ya paskali 200. Uvimbe wa saratani ulifika takriban paskali 4,000, yaani zaidi ya mara 20. Lakini uzito wa utafiti ule haukuwa katika tarakimu. Walipootesha seli za titi juu ya jeli laini, zilijipanga kwa utaratibu wake wa kawaida. Walipootesha seli za aina ileile juu ya jeli ngumu, utaratibu ukavunjika na seli zikaanza kuelekea tabia za saratani. Chakula hakikubadilishwa, wala hakikuongezwa sumu. Kilichobadilishwa ni ugumu wa kitanda.

Ugumu huo unatoka wapi? Kila tishu ya mwili imeshikiliwa na nyuzi za protini, na iliyo nyingi zaidi ni kolajeni. Aliyewahi kuona mkonge ukisokotwa hatapata taabu kuelewa. Katika titi lenye afya nyuzi hizi zimelala kwa ulegevu, zimejikunja, zina nafasi kati yake. Uvimbe unapokua, seli ziitwazo fibroblasti, ambazo kazi yake ya halali ni kuunga majeraha, hushawishiwa kutengeneza nyuzi nyingi kupita kiasi na kuzivuta hadi zinyooke. Kisha kimeng'enya kiitwacho lisili oksidase huzifunga nyuzi hizo moja kwa nyingine, zikawa kamba, na kamba zikawa kama jamvi lililokazwa. Mwaka 2009 Weaver na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kimeng'enya hicho kikizuiwa, tishu hubaki laini zaidi na saratani huchelewa kusonga mbele.

Hapo sasa ndipo linapoingia suala la kinga ya mwili, ambalo ndilo lililokuwa kiini cha andiko tulilolikataa.

Tumezoea kuisimulia kinga ya mwili kama habari ya utambuzi: seli ya kinga humtambua adui, ikamwua. Simulizi hiyo ni kweli lakini ina pengo. Kabla ya kumtambua adui lazima umfikie, na kumfikia ni kazi ya mwili, si ya akili. Seli T, ambazo ndizo askari wakuu dhidi ya saratani, hazipeperuki ndani ya tishu, hutambaa. Hujipenyeza katika matundu kati ya nyuzi, zikijibana na kubadili umbo, na kila moja imebeba ndani yake kiini ambacho ndicho sehemu ngumu zaidi ya seli na hakibonyei kwa urahisi. Tundu likiwa dogo kuliko kiini kinavyoweza kujibana, safari imekwisha.

Mwaka 2012 watafiti wa Paris, akiwamo Emmanuel Donnadieu, walichukua vipande hai vya saratani ya mapafu vilivyotolewa kwa wagonjwa, wakazitazama seli T zikitembea ndani yake. Palipokuwa na nyuzi chache na legevu, seli zilienda kwa kasi. Palipokuwa na nyuzi nyingi zilizobanana, zilikwama. Na kuzunguka visiwa vya seli za saratani, nyuzi zilikuwa zimelala sambamba na kingo zake, hivi kwamba seli T zilizofuata nyuzi hizo zilikizunguka kisiwa bila kuingia, kama mgeni anayezunguka ua usiku akitafuta mlango usiokuwapo. Watafiti walipotumia kimeng'enya kinachokata kolajeni, seli T nyingi zaidi zikazigusa seli za saratani.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Askari walikuwapo, lakini njia haikuwapo.

Na ukuta ni sehemu tu ya habari. Uvimbe unaokua mahali palipobana husukuma pande zote, na mahali hapo nako husukuma kuelekea ndani. Rakesh Jain, mhandisi wa kemia aliyezaliwa India na kufanya kazi Boston, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyapima mashinikizo haya. Alichokionyesha yeye na wenzake ni kwamba mkandamizo huo hubana mishipa midogo ya damu na ya limfu hadi mingine ikafungika. Mishipa ikifungika, damu haifiki vizuri. Isipofika, dawa haifiki, oksijeni haifiki, na seli za kinga zinazosafiri kwa damu nazo hazifiki. Majimaji yasiyo na pa kutokea hujaa, shinikizo lake likapanda. Ndani kukawa na uhaba wa hewa na wingi wa asidi. Katika mazingira hayo seli T huchoka, na makrofaji, ambazo kazi yake mojawapo ni kumeza wavamizi, hugeuzwa zikawa wahudumu wa uvimbe: huusaidia kujenga mishipa na kuituliza kinga.

Kisha kuna duara baya kuliko yote. Ipo protini iitwayo TGF-beta, ambayo mwili huihifadhi katika nyuzi ikiwa imefungwa, haifanyi kitu. Seli zinapozivuta nyuzi hizo, na nyuzi zikawa ngumu kiasi cha kutonyumbuka, kifungo hufunguka kwa nguvu ya mvuto huo na protini ikaachiwa. Ikishaachiwa, huwaamuru fibroblasti kutengeneza kolajeni zaidi, na papo hapo hudhoofisha seli T. Yaani ugumu huzaa amri ya kuongeza ugumu na kuwapokonya askari silaha. Mwaka 2018 utafiti wa wagonjwa wenye saratani ya njia ya mkojo uliochapishwa katika jarida la Nature ulionyesha kwamba dalili za kazi ya protini hii katika fibroblasti ziliendana na kushindwa kwa dawa ya kinga, hasa pale ambapo seli T zilikuwa zimezuiliwa nje ya uvimbe, zimekwama kwenye nyuzi.

Aliyenikata kauli zaidi, hata hivyo, ni yule anayeonyesha kwamba hata seli T ikifika, bado shughuli ni ya nguvu. Kipokezi chake kinaposhikana na alama ya adui, seli huvuta. Katika baadhi ya mishikano hiyo, kadiri unavyovuta ndivyo mshikano unavyodumu, kama kitanzi kinavyokaza kikivutwa. Alama isiyo ya adui huachia. Kwa hiyo kuvuta ni namna ya kuuliza swali. Mwaka 2016 maabara ya Morgan Huse huko New York ilionyesha kwamba seli T hutumia nguvu hiyohiyo kuukaza utando wa seli inayolengwa, na utando uliokazwa hutobolewa kwa urahisi zaidi na protini ya kuua. Na mwaka 2021 watafiti wa Lausanne, Uswisi, wakaonyesha upande wa pili wa shilingi: ingawa tishu ya saratani ni ngumu, seli zenyewe za saratani mara nyingi ni laini, kwa sababu ya kolesteroli nyingi katika utando wake, na ulaini huo huzikinga. Ni kama kujaribu kutoboa kwa msumari mto wa sufi. Walipoiondoa kolesteroli hiyo, seli zikakakamaa, na seli T zikazimudu vizuri zaidi katika panya.

Ukuta mgumu kwa nje, adui mlegevu kwa ndani. Hakuna hata moja kati ya mambo haya mawili linaloonekana kwa kusoma orodha ya jeni peke yake. Yanaonekana kwa anayepima nguvu. Na kupima nguvu, ndugu zangu wa kamati, ni kazi ya mhandisi mitambo.

Sasa niwajibu wale waliocheka, kwa sababu hoja yao haikuwa ya kijinga. Walisema: hatuna mashine za mionzi za kutosha, hatuna wataalamu wa patholojia wa kutosha, na wanawake wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Yote ni kweli. Lakini angalieni walivyoitumia kweli hiyo. Waliichukua shida ya mgonjwa wakaifanya sababu ya kutokuujua ugonjwa wake. Kana kwamba fedha aliyonyimwa yule binti ilikwenda kununua mashine ya mionzi! Haikwenda huko. Sote tulioketi pale tunajua ziendako fedha za kiasi kile: posho, chai na machapisho ya kung'aa ya mpango mkakati.

Zaidi ya hayo, kufika kwa kuchelewa ndiko hasa kunakolifanya swali hili kuwa letu. Saratani haikui kwa upana tu. Kadiri inavyoachwa ndivyo inavyopata muda wa kusokota nyuzi, kubana mishipa na kuwafungia nje askari wa mwili. Mama anayeambiwa "nenda, urudi baada ya miezi mitatu, mashine imeharibika" hapotezi muda mtupu. Katika miezi hiyo ukuta unaweza kuwa unajengwa. Mtumishi wa umma anayekaa na faili la ununuzi wa vifaa vya uchunguzi mezani kwake anapaswa kujua kwamba faili limesimama lakini uvimbe haujasimama. Siku zote tumehimiza uchunguzi wa mapema kwa lugha ya huruma na ya mabango. Fizikia inatupa lugha nyingine, isiyohitaji huruma ya mtu: kila ucheleweshaji ni nafasi ya kujenga ukuta ambao dawa ya kesho italazimika kuuvuka.

Na dawa ya kesho inakuja. Mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kugundua namna ya kuziondolea seli T breki ambazo saratani huzitumia. Dawa zilizotokana na kazi hiyo zimewaponya watu ambao zamani wangezikwa, na zinauzwa kwa bei ambayo wengi wetu tungelazimika kuuza nyumba. Ziko saratani zinazozikubali vizuri, na ziko, kama ya kongosho, ambazo kwa kawaida hazizikubali. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni hii tunayoizungumza: kumwondolea dereva breki hakumsaidii ikiwa barabara imezibwa. Serikali zetu zitashinikizwa kuzinunua dawa hizi, na wanaharakati, kwa haki kabisa, watadai zinunuliwe. Siku hiyo itaulizwa: zitamfaa nani kati ya wagonjwa wetu? Wagonjwa wetu wa saratani ya titi kwa wastani ni wenye umri mdogo kuliko wa Ulaya, na wengi hufika na uvimbe mkubwa. Tafiti nilizozitaja zimefanyika Marekani, Ufaransa na Uswisi. Tutanunua dawa ya mabilioni kwa kubahatisha, kwa sababu tulikataa kulipia jeli, visu na slaidi.

Lazima nitahadharishe, maana najua makala hizi husomwa na wenye wagonjwa nyumbani. Hakuna ninachosema hapa ambacho ni dawa. Asije mtu akadhani kwamba kuukanda uvimbe kunaulainisha. Usiukande, upeleke hospitali. Wala asije mtu akameza vidonge kwa sababu ya habari ifuatayo. Kundi la Jain liligundua kwamba losartani, dawa ya kawaida ya shinikizo la damu inayopatikana katika maduka ya dawa ya mitaani kwetu, hupunguza utengenezaji wa kolajeni katika uvimbe wa panya na kuifungua mishipa iliyobanwa. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya majaribio ya wagonjwa 49 wa saratani ya kongosho waliopewa losartani pamoja na tibakemikali na mionzi. Yalitia moyo, lakini hayakuwa na kundi la kulinganisha, na jambo lisilo na ulinganisho halijathibitishwa. Mwaka huohuo majaribio makubwa ya kimeng'enya cha kuyeyusha sehemu nyingine ya ukuta, katika saratani hiyohiyo, yalishindwa kurefusha maisha ya wagonjwa. Kabla yake, mwaka 2012, majaribio ya dawa nyingine ya kuuvunja ukuta yalisimamishwa kwa kuwa waliopewa walifanya vibaya zaidi. Baadaye ikaonekana kwa panya kwamba ukuta ukibomolewa ovyo, saratani inaweza kuwa kali zaidi, kwani ukuta uleule uliowazuia askari ulikuwa pia unaizuia saratani yenyewe.

Adui wa hoja yangu ataidaka aya hiyo: kumbe hata wao wameshindwa, sisi tutaweza nini? Namjibu hivi. Huenda walishindwa kwa sababu walivunja kabla ya kupima vya kutosha: ukuta upi, kwa mgonjwa yupi, kwa kiasi gani. Kushindwa kwao kunaturudisha palepale alipokuwa amesimama yule binti, kwenye kupima. Na kupima ni hatua ambayo haihitaji maabara ya mabilioni. Inahitaji tishu ambayo tayari inatolewa mwilini, baada ya mtaalamu wa patholojia kuchukua sehemu anayoihitaji kwa ajili ya mgonjwa. Inahitaji ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, iliyoombwa kwa lugha anayoielewa. Na inahitaji mtu anayejua nguvu, eneo na mgawanyo wake.

Wala tusiseme kwamba nchi zetu hazijawahi kuuliza swali kubwa kwa fedha ndogo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto alioukuta Mulago. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari maelfu ya maili, hospitali hadi hospitali, mashariki na kusini mwa Afrika, akiuliza swali moja: mnauona ugonjwa huu, au hamuuoni? Kutokana na swali hilo sampuli zilipandishwa ndege kwenda London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi ambacho leo kinajulikana kuhusika na saratani kadhaa za binadamu. Ni habari ya fahari, na ni habari ya uchungu pia. Uvimbe ulikuwa wetu, watoto walikuwa wetu, barabara zilikuwa zetu. Maabara ilikuwa yao, na majina yaliyobaki katika vitabu ni yao. Hiyo ilikuwa enzi ya ukoloni na machweo yake. Kisingizio chetu cha leo ni kipi? Leo anayemzuia binti wa hapa asiulize swali lake si gavana. Ni kamati ya wenzake, yenye bendera ya taifa nyuma ya kiti cha mwenyekiti.

Mwaka 2007 wakuu wa nchi za Afrika waliridhia huko Addis Ababa kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Nchi zetu za Afrika Mashariki bado hazijaitimiza ahadi hiyo. Lakini sitaki kuwaachia wanasiasa peke yao lawama hii, maana ni rahisi mno na inatupendeza mno sisi wa vyuoni. Kichache kilichopo tunakigawa sisi. Na tunakigawa kwa kutumia neno moja lenye nguvu kuliko rungu: kipaumbele. Neno hili limekuwa mhuri wa kukatalia. Halimwambii mwombaji amekosea wapi. Linamwambia tu kwamba taifa, ambalo yeye hakulikuta likiketi kikaoni, halimhitaji. Nimejaribu kukumbuka mara moja ambapo sisi tulioketi pale tulilitumia neno hilo kuzuia warsha. Sikumbuki.

Kuna jambo la pili, na hili ni letu zaidi. Tumezigawa ndaki zetu kama mashamba ya urithi, kila mmoja na mpaka wake wa miti. Mhandisi asivuke kwenda kwa tabibu, tabibu asimwulize mwanafizikia. Lakini uvimbe haukusoma mtaala wetu. Ndani yake mna kemia, mna jeni, mna mvuto na msukumo, na mna habari ya mama aliyechelewa kwa sababu nauli ilikosekana na mume alisema subiri mavuno. Kila fani inashika kipande chake na kuapa kwamba hicho ndicho ugonjwa. Mpaka tulioulinda siku ile haukulinda sayansi. Ulilinda vyeo.

Kwa wanafunzi nasema: swali lililochekwa si lazima liwe swali baya. Liandikeni tena, litafutieni mwalimu wa ndaki ya jirani, na mkikataliwa daini sababu kwa maandishi. Kwa wanaharakati: mnapodai dawa, daini pia vipimo, na daini kwamba tishu za wagonjwa wetu zisomwe hapa na majibu yake yabaki hapa. Kwa watumishi wa umma: hesabuni ucheleweshaji wa uchunguzi kama gharama ya tiba, kwa sababu ndivyo ulivyo, na katika kila fungu la kununua dawa za saratani wekeni sehemu ndogo ya kujua zinamfaa nani. Na kwa walimu wenzangu tunaoketi katika kamati sina la kusema ambalo sikuanza kujiambia mwenyewe.

Nimemwandikia mwenyekiti barua kuomba andiko lile lirudishwe mezani, na nimeomba kumbukumbu za kikao zionyeshe kwamba nilikuwapo na sikusema kitu. Nilimtafuta pia yule binti ili nimwombe radhi. Alinipokea kwa heshima, akaniamkia shikamoo kama kawaida. Nilipomaliza kueleza, hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwalimu, mnakutana tena lini?"

Naomba kuwasilisha.